Mtu wa Gia ya Pili

Kama ulijifunza kuendesha gari Nakuru katika miaka ile niliyokuwa na duka langu la rangi karibu na gereji za mtaa wa Shabab, basi huenda ulikaa upande wa kulia na yeye akakaa upande wa kushoto, mikono juu ya magoti, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi. Sote tulimwita Instrakta. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye cheti ukutani pale shule ya udereva, lakini sikumsikia mtu akilitumia, hata mkewe. Mkewe naye alimwita Instrakta, kwa sauti ya mtu anayemfukuza kuku aliyeingia jikoni.

Mimi alinifundisha mwaka niliofungua duka. Siku ya kwanza nilizima injini mara tisa kabla hatujafika barabara kubwa. Kila ilipozima alisema maneno yale yale: "Gari imepumzika. Na wewe pumzika." Nyuma yetu lori la mchanga likapiga honi mpaka masikio yakawasha. Instrakta akateremsha kioo, akatoa kichwa nje na kumwambia dereva, "Boss, huyu anajifunza. Kwani wewe ulizaliwa ukijua?" Akapandisha kioo taratibu. "Haya, Mama Rangi. Klachi haitaki hasira."

Hakuwahi kumpigia mwanafunzi kelele. Wanafunzi walilia ndani ya gari lile, walisali, mmoja alifungua mlango akaenda zake na kuacha injini ikinguruma, na Instrakta akabaki pale ameketi akingoja, kwa sababu alijua atarudi kuchukua mkoba wake. Alirudi. Alipata leseni.

Ila mwendo wake! Gia ya tatu aliiona kama pombe: ipo, watu wanaitumia, yeye anapita tu. Siku za soko mkewe alitoka nyumbani kwa miguu na yeye akatoka kwa gari, na wakikutana kwa muuza nyanya mkewe ameshachagua, ameshabishana bei, na anauliza mbona amechelewa. Waendesha baiskeli walimpita wakimpungia mkono. Nilipofaulu mtihani wangu na kwenda kumwonyesha leseni, aliniambia jambo moja tu: "Sasa wewe ni hatari. Kumbuka hivyo kila asubuhi."

Na ajabu ni kwamba nje ya gari alikuwa mtu wa haraka kupita kiasi. Alikula kama anayekimbizwa. Mkiwa mnanawa mikono, yeye ameshamaliza ugali na omena na anatafuta kijiti cha meno. Aliongea haraka, alitembea haraka, alifunga kamba za viatu huku akitembea. Ukimwona anavuka barabara kuja dukani kwangu ungedhani amebeba habari za msiba, kumbe anataka kuuliza saa.

Kwa hivyo siku aliyoingia akihema na kuniuliza kama nina resini na mkeka wa faiba wa kuzibia nyufa, nilidhani bampa la gari la shule limepasuka.

"Si bampa," akasema. "Ni boti."

"Boti ya nani?"

"Yangu."

"Ya kuvulia samaki?"

Akageuka kutazama mlangoni, kuhakikisha mkewe hajasimama pale. "Ya kukimbia, Mama Rangi. Speedboat."

Nilicheka mpaka nikaketi juu ya mkebe wa rangi.

Aliipata Naivasha. Kulikuwa na loji moja ya zamani kando ya ziwa iliyokuwa imefungwa, na maji ya ziwa yalipopanda yaliingia mpaka stoo. Humo ndani boti ilikuwa imelala miaka na miaka, kuku wakitagia ndani yake. Mlinzi wa pale alitaka kuikatakata aichome. Instrakta alikuwa amempeleka mwanafunzi wake wa zamani kuanza kazi jirani, akaiona imeinuka upande mmoja juu ya maji ya stoo, pua imeelekea mlangoni. Aliniambia kwamba ilikuwa kama inaomba kutoka.

Mlinzi alisema achukue tu, bora iondoke kabla ya Jumamosi. Lakini Instrakta hakuwa mtu wa kuchukua tu. Alitaka barua ya mwenye mali, iliyopigwa muhuri, na akangoja mpaka ikaja. Kisha akamfundisha mlinzi na mke wa mlinzi kuendesha gari, kwa shukrani.

Aliivuta hadi Nakuru juu ya trela la kubebea ng'ombe, mkewe akiwa kando yake. Walitoka Naivasha baada ya chai ya asubuhi, wakaingia Nakuru jua likielekea kuzama. Walipopita Gilgil, mkewe alinieleza, msururu wa magari nyuma yao ulikuwa hauna mwisho, na kila aliyewapita aliwatukana. "Mimi nikaona nisiharibu siku," akasema mama yule. "Nikawa nawapungia mkono kama waziri."

Boti ikawekwa uani kwao mtaa wa Free Area, mahali ambapo kila mpita njia angeiona. Nakuru tuna ziwa, ndiyo, lakini ni ziwa la mbuga, hakuna raia anayeingiza boti yake humo. Kwa hiyo watu walisimama kwenye ua na kumwita Nuhu. "Nuhu, mvua ni lini?" Yeye alimjibu kila mmoja kwa heshima: "Sijapewa tarehe."

Ilikuwa na hali mbaya. Rangi yake ya samawati ilikuwa imefifia ikawa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Tumbo lilikuwa na ufa wa urefu wa mkono wangu. Panya walikuwa wamekula viti, usukani haukuwepo, injini haikuwepo. Chini ya kiti cha nyuma mkewe alikuta yai, akalikaanga. "Angalau imeleta kitu nyumbani," akasema. Siku nyingine, akiwa anaanika nguo kwenye kamba iliyofungwa kutoka nguzo ya umeme hadi pua ya boti, aliniambia: "Mimi niliomba mwanamume asiyelewa. Mungu akanipa anayefuga meli."

Instrakta hakuwa na pesa za kurejesha boti. Alichokuwa nacho ni masomo. Akayatumia hayo.

Fundi wa faiba, kijana mwenye mke na watoto wawili aliyekuwa akitengeneza bampa za matatu mkabala na duka langu, alikwenda kuiona, akaizunguka mara mbili. "Mzee, hii ni boti ama ni bafu ya ndovu?" Lakini kijana yule alikuwa akitengeneza magari ya watu kila siku na hajui kuendesha hata moja. Wakaelewana. Aliziba ufa ule kwa matabaka sita ya mkeka na resini, akaupiga msasa mpaka ukipitisha kiganja huoni pa kukwama. Mama mmoja aliyekuwa akishona viti vya matatu alimshonea viti vipya, vyekundu kwa vyeusi, na mishono ya almasi. Yeye alitaka kumpeleka mama yake kanisani mwenyewe bila kuomba mtu. Alitaka pia kuiwekea boti taa za zambarau chini ya viti, zinazowaka kwa mdundo wa muziki. Instrakta alikataa katakata. Usukani ulitoka kwenye gari la kwanza kabisa la shule, lililokuwa limeshakatwa vyuma.

Injini ilitoka kwa mvuvi wa Baringo. Nguvu farasi arobaini, na ilikuwa imekwama kabisa. Instrakta aliifungua juu ya meza ya jikoni, kila skrubu ndani ya kikombe chake, huku akitazama kwenye simu video za bwana mmoja wa nchi za mbali aliyekuwa akifungua injini kama ile. Nilimuuliza kama anaelewa lugha ya yule bwana. "Lugha yake sielewi," akasema. "Mikono yake naielewa." Kwa wiki nyingi familia ilikula sebuleni, sahani mapajani. Siku injini iliponguruma ndani ya pipa la maji, majirani walitoka nje wakapiga makofi, na mkewe akasema sasa anaomba meza yake.

Mimi nilimpa rangi zilizobaki mikebeni, na resini nilimwachia kwa bei niliyonunulia. Yeye akamfundisha dada yangu. Ikafika mahali ukisimama mlangoni pa duka langu unaona barabara nzima ya gereji, mafundi waliozoea kukimbia kama wana wazimu, inaenda gia ya pili, kila mmoja akitazama kioo.

Jambo moja alilificha kwa muda mrefu: aliogopa maji. Mtu huyu hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita kifundo cha mguu. Alipogundua kwamba hawezi kuepuka, alikwenda kwenye bwawa la hoteli moja mjini siku za wiki, wakati watoto wako shuleni, akavaa jaketi la kuokolea ndani ya maji ya kiuno. Mkewe alimshikilia kidevu. "Piga miguu, Instrakta!" Naye, meno yakigongana, akajibu, "Sina haraka." Alijifunza. Sitasema aliogelea. Alijifunza kutozama.

Halafu tukakosana.

Ilikuwa Ijumaa. Alikuja kutaka rangi ya mwisho, nyeupe na samawati. Alikuwa ameshaalika kwaya ya kanisa la mkewe. Boti ingeshushwa majini wiki inayofuata. Nikasema nitaileta mwenyewe, nione kazi. Nilipofika nikaanza kugonga boti kwa mpini wa bisibisi, jinsi nilivyowaona mafundi wakifanya, kusikiliza kama iko imara. Mbele ilitoa sauti kavu, safi. Nyuma, pale injini ilipofungwa, ilitoa sauti nzito, kama unagonga gunia la unga. Nikageuza bisibisi nikasukuma ncha. Iliingia kama kwenye papai bivu. Maji ya kahawia yakatiririka juu ya vidole vyangu.

"Instrakta, huu ubao umeoza. Na ndio unashika injini."

"Nimeuona," akasema. "Nitaupaka resini juu. Utashika."

"Injini ikivuta kwa nguvu itang'oka nao. Mtazama majini."

"Wageni wameshaalikwa, Mama Rangi."

Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Ilikuwa sauti ya wale wanafunzi wanaotaka kufanya mtihani kabla hawajajua kurudi nyuma. Nikapakia mikebe yangu tena kwenye gari. "Rangi siuzi," nikamwambia. "Siuzi mpaka utoe huu ubao."

Alifura. Aliingia kwenye gari lake akaondoka, na kwa masikio yangu nilimsikia akiingiza gia ya tatu.

Wiki tatu hakuja dukani, na siku iliyopangwa ya kushusha boti ikapita bure. Alipita upande wa pili wa barabara. Nilijiambia nimepoteza rafiki kwa sababu ya kipande cha mbao, na siku nyingine nilikuwa karibu kubeba ile rangi nimpelekee. Kisha asubuhi moja akaingia, akaweka mfuko wa karatasi juu ya kaunta. Ndani kulikuwa na ubao, au kilichokuwa ubao. Ulimomonyoka kwa kuguswa tu.

"Umenifelisha," akasema.

"Nimekufelisha."

"Ulifanya vizuri."

Nikamvutia kiti, akakataa. Akanieleza akiwa amesimama, haraka haraka, macho kwenye rafu za rangi.

Ujanani alikuwa dereva wa lori la viazi kutoka Mau Narok. Alipenda mwendo kuliko chakula. Utingo wake alikuwa kijana wa rika lake, na wote wawili walitaka wawe wa kwanza kufika soko la Nakuru kila alfajiri. Siku moja waliona lori jingine mbele yao kwenye mteremko. Alitaka kulipita kabla ya kona. Lori lao lililala ubavu, viazi vikabingirika mpaka mtoni, na mguu wa utingo ulikuwa chini ya bodi ya lori. Haukunyooka tena.

"Yuko kule Bahati, anauza chakula cha kuku," akasema. "Kila mwezi naenda kumwona. Tunakunywa chai, tunaongea mpira. Hajanilaumu hata siku moja. Na mimi sijawahi kumwambia chochote. Miaka yote hiyo, mpira tu."

"Sasa boti ya kasi ni ya nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa napenda mwendo, Mama Rangi. Nilikuwa naupenda sana. Huko ziwani hakuna mtu wa kugonga." Kisha akaupiga ule mfuko wa karatasi kwa kidole. "Na tazama. Bado kidogo nifanye tena yale yale."

Alitoa injini, akakata sehemu yote ya nyuma, akaweka matabaka mapya ya plaiwudi yaliyoshibishwa resini. Kazi ya miezi miwili. Afisa aliyekuja kuikagua alitumia muda mfupi kwa boti na muda mrefu kumuuliza kuhusu ile alama: Instrakta alikuwa amebandika nyuma herufi L nyekundu, ya dereva anayejifunza. "Kwani najua?" akamjibu. Boti ikapita.

Siku ya kuishusha tulikwenda Naivasha basi zima. Fundi wa faiba aliendesha gari lake mwenyewe, mshona viti alimleta mama yake. Kwaya iliimba, boti ikaingia majini, ikayumba, ikatulia. Hakuna tone lililoingia. Nilimwona fundi wa faiba akifuta macho kwa kisingizio cha vumbi. Instrakta akapanda na mkewe, wakaondoka kando ya mafunjo, na sisi tukangoja tuone boti ya kasi ikikimbia.

Haikukimbia. Ilikwenda gia ya pili, kama boti ina gia ya pili. Kutoka ufukweni tulimsikia mama yule waziwazi: "Instrakta! Bata ametuovateki!"

Na ikabaki hivyo. Boti aliiacha Naivasha kwa yule mlinzi wa loji, na kila alipopata nafasi alishuka huko, akazunguka polepole kutazama wale ndege waitwao mwari na kuwapisha viboko. Ukimuuliza, alisema injini bado inazoeana na boti. Ilizoeana nayo mwaka mzima, na mwaka wa pili. Tuliacha kumtania. Nilijua kilichomshika.

Mwaka jana nilipeleka rangi kwenye hoteli moja huko Naivasha. Nilimaliza mapema, nikapita kwenye gati kumsalimu. Ilikuwa asubuhi, kabla ya upepo wa mchana kuanza, na ziwa lilikuwa limetulia kama uji kwenye sahani. Mkewe alikuwa ufukweni na chupa ya chai. Instrakta alikuwa ndani ya boti, mvi zimetoka chini ya kofia, akimsaidia mzee mmoja mnene kushuka kutoka kwenye gati. Mzee yule alikuwa na gongo chini ya kwapa, na mguu mmoja aliuvuta kama mzigo.

"Mama Rangi, huyu ni utingo wangu," akasema Instrakta. "Nimemwalika tangu boti iingie majini. Leo amekubali."

"Wajukuu wamenichosha," akasema utingo. "Kila siku: guka, umeogopa boti. Panda na wewe, Mama Rangi, tukizama tuwe wengi."

Nilimwita mke wa Instrakta apande pia. "Mimi nimeshaolewa naye," akasema akijimiminia chai. "Nimepanda vya kutosha."

Tukaondoka. Taratibu, kama kawaida. Tukapita mwari, tukapita mlolongo wa magugu, mlima wa Longonot ukasimama mbele yetu bila wingu. Utingo alikaa mbele kushoto, kwenye kimoja cha vile viti vyekundu kwa vyeusi, akitazama kila kitu. Aligeuka akaiangalia injini.

"Hiyo ni nguvu ngapi?"

"Arobaini."

"Na umetumia ngapi?"

Tukaendelea kidogo. Maji yalikuwa wazi mbele yetu, hakuna boti nyingine, hakuna kiboko. Ndipo Instrakta akasema, bila kumtazama, "Mimi ndiye nilikuvunja mguu."

"Najua," akasema utingo. "Nilikuwepo."

"Sijawahi kukuomba msamaha."

"Kila mwezi unaniletea unga. Ulidhani nafikiri ni wa nini?" Akajisogeza kwenye kiti. "Na nilikuwa nakwambia ulipite lile lori. Umesahau? Nilikuwa napiga kelele kukushinda. Kwa hivyo tulikuwa wawili."

Utingo akainua kiganja, akagonga ubavu wa boti mara mbili, kwa nguvu, jinsi utingo anavyogonga bodi ya lori kumwambia dereva njia ni nyeupe.

Mkono wa Instrakta ulikuwa kwenye fimbo ya kuongeza mafuta. Niliuona ukiisukuma hadi mwisho.

Pua ya boti iliinuka mpaka nikaona mbingu peke yake. Kisha ikashuka, na tukawa hatumo tena ndani ya maji, tulikuwa juu yake. Kilemba changu kiliruka kikaenda zake. Ukuta mweupe wa maji ulisimama nyuma yetu, ndege walipaa pande zote, na kwenye ngurumo ile nilisikia sauti ambayo sikuijua, kali, ya kijana wa miaka ishirini, ikipiga mayowe ya furaha. Ilikuwa ni Instrakta. Halafu kukawa na sauti mbili. Halafu tatu, na ya tatu ilikuwa yangu.

Katikati ya ziwa akapunguza. Boti ikakaa chini, mawimbi yetu wenyewe yakatufikia na kututikisa. Tulikuwa tumelowa. Utingo alijifuta uso kwa mkono wa koti, pua, macho, kipara.

"Zunguka tena," akasema. "Mimi nilikuwa nimefunga macho."

"Hata mimi," akasema Instrakta, na akageuza usukani.